Baga za Idah na Jani Lisilotajwa

Asubuhi hiyo meza ya Idah Ngumbao ilikuwa nje ya lango la shule, miguu juu, imefunikwa na vumbi la malori ya barabara kuu, na kuku mmoja wa jirani alikuwa amekwisha kuifanya makao. Idah alisimama mbele yake, sufuria ya nyama kichwani na kapu la skonzi mkononi, asijue atue lipi kwanza.

"Mwaringa," alimwita askari wa lango, "kulikoni?"

Mwaringa alijitia kuikagua kufuli, ingawa kufuli ilikuwa ile ile ya miaka yote. "Nimeambiwa usiingie, dada yangu."

"Umeambiwa na nani?"

"Na wakubwa."

"Wakubwa wepi?"

"Wakubwa wa shule. Mimi ni mtu wa lango tu. Nikiambiwa fungua, nafungua. Nikiambiwa funga, nafunga."

"Na meza yangu, uliambiwa uipindue?"

Mwaringa aliitazama meza kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo niliambiwa itoke. Kupinduka, imepinduka yenyewe."

Basi hivyo ndivyo mama huyu alivyofukuzwa mahali alipojipatia riziki na heshima yake: bila onyo, bila sababu, bila hata mkubwa mmoja kujitokeza kumtazama usoni. Mhalifu aliyeshikwa akiwa na kuku wa wizi husomewa shtaka lake. Idah hakusomewa lolote. Aliweza tu kugeuka, sufuria ingali kichwani, na kurudi kijijini kwake Matsangoni kwa miguu huku baga zikipoa.

Njiani kote alijiuliza kosa lake ni lipi, na kila alipolipata moja, lilimponyoka. Je, ni ile siku aliyochelewa kwa sababu ya mvua? Je, ni kucheka kwake na wapishi wa jikoni? Au ni nyama? Alisimama kando ya barabara, akafunua sufuria, akanusa. Nyama ilinukia kama ilivyonukia siku zote.

Idah alizaliwa Adu, katika nyumba ya Wagiriama wakulima wa mahindi na mihogo, na aliingia Malindi angali msichana, kuosha vyombo katika nyumba ya Mtaliano mmoja aliyependa kula kuliko kuongea. Huko ndiko alikoliona kwanza jambo lililomshangaza: Mtaliano alitia majani ya mrehani, ule mmea wa manukato, kwenye chakula. Si juu ya maji ya kuoga, si kwenye nywele, bali chunguni, pamoja na nyanya na nyama! Idah alidhani anafanyiwa mzaha. Kwao hakuna aliyewahi kula mrehani, kama vile hakuna aliyewahi kula udi. Lakini alionja, akanyamaza, akaonja tena. Miaka ilipita, akatoka kwenye masinki akafika mekoni, na Mtaliano alipoiuza nyumba na kurudi kwao, Idah alirudi kwa mumewe Matsangoni akiwa na ujuzi ambao hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nao.

Mumewe alikuwa fundi wa ujenzi huko Mtwapa, aonekanaye mwisho wa mwezi. Nyumbani walikuwa wawili, yeye na mamavyala wake, mama wa mumewe, Mama Kadzo, mwanamke mkongwe mwenye macho makali na masikio yaliyochagua cha kusikia.

Mwalimu mkuu wa shule ile ya bweni ya wasichana, Bi. Everlyne, ndiye aliyemtafuta Idah mwenyewe. Alikuwa amechoka kuona wasichana wakiishi kwa chipsi zinazoogelea kwenye mafuta na soseji zilizotiwa rangi nyekundu, wanunuazo kupitia matundu ya ua. Mbele ya wazazi wote alisema, "Nataka chakula ambacho mama angempikia mwanawe." Wazazi wakampigia makofi. Idah naye akawekewa meza kivulini, kando ya jengo la kulia chakula.

Na alipika kama mama. Nyama aliichagua isiyo na mafuta mengi, akasimama buchani mpaka isagwe machoni pake. Aliichanganya na kunde zilizochemshwa na kupondwa, ili ishibishe bila kulemea tumbo, na karoti iliyokunwa, na kitunguu saumu. Kisha yalifuata majani: kotimiri nyingi, mnanaa kidogo, na mrehani uliokatwa wakati ule ule, kwa maana mrehani ukikatwa mapema hugeuka mweusi na kukata tamaa. Hakukaanga. Aliviringa, akabandika juu ya wavu wa jiko la makaa, akageuza mara moja tu. Skonzi alizioka mwenyewe kwa unga wa ngano usiokobolewa. Na badala ya ile sosi nyekundu ya chupa, aliweka mtindi uliokorogwa na ndimu na mnanaa. Wasichana waliokuwa wakizitupa mboga za shule kwenye ndoo ya nguruwe walikuwa sasa wakilamba vidole vya kijani.

Lipo jambo moja tu ambalo Idah hakuliona kuwa jambo. Mbegu za mrehani alizotoka nazo kwa Mtaliano zilikataa maji ya chumvi ya kisima cha Matsangoni, zilichipua, zikanyauka. Lakini kando ya mlango wa Mama Kadzo palikuwa na kichaka cha mrehani wa kienyeji, kilichokuwapo tangu Idah hajaolewa pale. Harufu yake ilikuwa kali zaidi, ila ilikuwa ndugu na ile. Akawa anachuma hapo kila alfajiri. Mama Kadzo alimwona, wala hakusema neno.

Mchana mmoja, Idah akiwa amekwisha kurudi nyumbani, wasichana kadhaa wa kidato cha pili walianguka darasani wakipiga mayowe. Mmoja alianza, wengine wakafuata, mpaka masomo yakasimama na wazazi wakaitwa. Idah alisikia habari hiyo kama kila mtu alivyoisikia, akasikitika, akatuma ndimu na asali. Siku chache baadaye ndipo alipoikuta meza mavumbini. Mambo hayo mawili hakuyaunganisha. Angeyaunganishaje?

Alianza kwa naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Kitsao, aliyempata akitoka kanisani.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama. Ni mambo ya cheti cha afya."

"Cheti ninacho. Ulikiona wewe mwenyewe, ukakisifu."

"Ndiyo, lakini..." Mwalimu Kitsao akakumbuka mtu aliyekuwa akimsubiri upande wa pili wa uwanja.

Akaenda kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, Mzee Simeon, akamkuta barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ni ule moshi."

Idah hakuwa hata ameketi. "Moshi gani, mzee?"

"Wa jiko lako. Unawaumiza watoto macho."

"Mzee, jikoni mwa shule kunachomwa kuni za magari mazima. Mimi nina jiko la makaa la ukubwa wa beseni, la kupashia baga moto."

"Basi ndiyo hivyo," akasema Mzee Simeon, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufafanua.

Bi. Everlyne hakupokea simu. Mpishi mmoja wa shule alimwambia Idah kwamba tatizo ni baga kuwa chakula cha kigeni, kisichofaa kwa maadili. Mwingine alisema alisikia ni kunde. Idah alirudi nyumbani na sababu nyingi hata hakujua aishike ipi. Angeambiwa aondoe moshi, angeuondoa. Angeambiwa alete cheti kingine, angekileta. Lakini kila mlango aliougonga ulifunguliwa na jibu jipya, na majibu hayo hayakujuana. Alibadilisha bucha. Alichemsha vyombo mpaka vikapauka. Alipika baga akala mwenyewe kwa siku kadhaa akisubiri augue, naye hakuugua. Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu, na mchana alijikuta amesimama uani na kisu mkononi, amesahau alichotaka kukata.

Aliyemfungulia jambo hilo alikuwa Lubna, muuza viungo wa sokoni Malindi, mzaliwa wa Mambrui, ambaye Idah alikuwa mteja wake tangu enzi za Mtaliano. Lubna alikuwa akifunga mafungu ya kotimiri kwa kamba ya mgomba.

"Nipe mafungu kama kawaida," Idah alisema, "ingawa sijui nampikia nani."

Lubna akaacha kufunga. "Shoga yangu, wewe kweli hujui, ama wanifanyia usanii?"

"Sijui nini?"

"Subhanallah. Mji mzima wajua, yeye hajui! Ati wewe wawalisha watoto wa watu majani ya pepo."

Idah alicheka. Kisha akaona Lubna hacheki.

"Majani gani?"

"Mrehani, mama. Yule mtoto wa kwanza kuanguka, alipozindukana alisema anasikia harufu ya mrehani. Basi! Ng'ambo ile yenu ya Wagiriama, mganga akimuogesha mtu mwenye pepo humuogesha kwa nini? Si kwa mrehani? Watu wakajumlisha. Wasema umemwita pepo kwa harufu yake mwenyewe, ukamtia ndani ya mkate."

"Lakini mtoto alisikia harufu kwa sababu alikuwa ameula! Sote tuliokula tulinuka mrehani. Mimi mwenyewe nanuka."

"Usinigombeze mie. Kwetu sisi mrehani ni wa nywele za bibi harusi, na wa kumuwekea maiti kaburini. Uliponambia wautia kwenye nyama, nilisema huyu Giriama amerogwa na Mtaliano." Sasa Lubna alitabasamu kidogo, ili kuupunguza ukali. "Lakini nilikula ile uliyoniletea. Nikala na ya mume wangu."

"Mbona shuleni hawakuniambia hivyo?"

"Wakwambie nini? Mwalimu mwenye digrii aandike kwenye karatasi ya shule ati amemfukuza mpishi kwa sababu ya pepo? Atachekwa mpaka Nairobi. Kwa hiyo wasema moshi."

Idah alisahau kotimiri yake mezani, na Lubna ikambidi amkimbilie nayo hadi kituoni.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Kadzo amesimama uani, mikono nyuma. Kichaka cha mrehani kilikuwa kimeng'olewa, kikatupwa njiani, mizizi ikitazama mbinguni. Nani aliyefanya hivyo, hakuna aliyeona. Idah akazitazama mvi za Mama Kadzo. Hakuna asiyejua, katika vijiji vyetu, mambo yanayoweza kufuata baada ya mtu mwenye mvi kuhusishwa na uchawi. Tumewazika wazee wasio na hatia kwa maneno mepesi kuliko hayo.

"Mama," Idah alisema, "huu mrehani ulikuwa wa nini?"

"Wa kunukia."

"Mama, tafadhali."

Mama Kadzo akaketi kwenye kigoda. "Nilipokuwa nimemzaa mumeo, niliugua. Nilikuwa nalia bila sababu, naanguka. Walinichezea ngoma, wakaniogesha kwa majani. Tawi moja nikalipanda hapo, ili nikumbuke kwamba nilipona."

"Kwa hiyo ni kweli! Nimekuwa nikiwapikia watoto dawa ya pepo. Mbona hukunikataza?"

"Hukuniuliza."

"Mama!"

"Nilipokuona unachuma mara ya kwanza, nilisema, mkaza mwanangu kapagawa na vyakula vya Wazungu, nimwache. Kisha ukaniletea nikaonja. Ikawa tamu. Nikaona, nikisema, utaacha kupika."

"Na pepo wako je? Umekula mrehani kila siku tangu nianze kupika baga."

Mama Kadzo alifikiri kwa uaminifu. "Pepo wangu aliondoka zamani, baba yenu akiwa hai. Mpaka leo hajarudi kuulizia baga."

Idah alitaka kucheka, na alitaka kulia. Maana ukweli ni kwamba hakujua aamini nini. Alikuwa Mkristo; alikuwa pia binti wa Adu, na usiku wa utoto wake alizisikia ngoma hizo kwa jirani. Jani ni jani, alijiambia. Halafu akajiuliza: kama ni jani tu, mbona alipoliokota tawi moja la kichaka kile njiani mkono wake ulisita? Alilipanda tena palepale, akalimwagilia maji, na hakuweza kusema kama alifanya hivyo kwa ushujaa au kwa woga.

Bodi ilipokutana, Idah alienda bila kualikwa, akaketi nje ya ofisi mpaka haya ikawalazimisha wamwite. Ndani walikuwapo Mzee Simeon, Mwalimu Kitsao, na Bi. Everlyne, ambaye hakuinua macho yake kutoka kwenye kikombe cha chai.

"Mama Ngumbao," Mzee Simeon alianza, kwa ukarimu mkubwa, "tumelijadili suala lako, na sisi si watu wabaya. Utarudi. Meza yako utapewa. Tunachoomba ni kitu kidogo tu: lile jani uliache."

"Jani gani, mzee?"

Mzee Simeon akamtazama Mwalimu Kitsao.

"Lile la kijani," akasema Mwalimu Kitsao.

"Kotimiri ni ya kijani. Mnanaa ni wa kijani."

"Unalijua, mama."

"Mimi niliambiwa ni cheti. Kisha nikaambiwa ni moshi. Sasa nasikia ni jani. Naomba mnieleze jani lina kosa gani, maana mimi nimechanganyikiwa. Kweli nimechanganyikiwa; siwakejeli. Kama mnaamini linaita pepo, semeni, nami nitajua nasimama wapi. Na kama hamuamini, mbona niliache?"

"Hakuna aliyetaja pepo hapa!" Mzee Simeon alisema kwa ukali, na aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akajifuta jasho.

Hapo Bi. Everlyne akaweka kikombe chini. "Idah, nielewe. Wazazi wangeondoa watoto. Ilibidi nichague."

"Ulichagua, mwalimu. Lakini hukuniambia. Ungeniambia, pengine ningeliacha jani siku ile ile bila ugomvi. Mimi sikuzaliwa nalo. Sasa nikiliacha, kijiji kitasema: mnaona, amekiri. Na nyumbani nina mwanamke mzee ambaye mti wake umeng'olewa mchana kweupe. Wakija tena, watang'oa nini?"

Mwalimu Kitsao aliandika kitu, akakifuta.

Jioni hiyo Idah alipika baga bila mrehani, kujaribu. Nyama ilikuwa safi, kunde laini, mtindi baridi. Alitafuna polepole. Ilikuwa chakula kizuri, chenye afya, ambacho kingeuzika kwenye kivuli kile kuanzia kesho. Akampa Mama Kadzo kipande.

"Umesahau kitu," mamavyala alisema.

"Sikusahau."

Mama Kadzo akaitazama baga, akamtazama mkaza mwanawe, akaendelea kula, maana hakuwa mtu wa kutupa nyama.

Siku iliyofuata Idah hakurudi shuleni. Aliikung'uta meza vumbi, akamfukuza kuku, akaitegemeza pale pale nje ya lango, upande wa barabara ambako bodi haina amri. Alipika kwa mrehani wote uliosalia kwenye lile tawi. Madereva wa malori wakasimama. Mwaringa wa lango, baada ya kuangalia huku na huko, alinunua moja, akaila amegeukia ukuta. Kupitia matundu ya ua wasichana walichungulia, na mmoja akauliza, "Mama Idah, ni kweli wanavyosema?"

Idah aliacha kugeuza baga, akalitazama jengo la ofisi. Waliokuwa na la kusema walikuwa ndani, na wamenyamaza.

Basi ninyi mlioketi katika ofisi ile, Mzee Simeon, Mwalimu Kitsao, na wewe Bi. Everlyne, uliyeomba chakula cha mama kisha ukamtupa mama nje: swali la msichana huyo ni lenu, si la Idah. Simameni katika gwaride la asubuhi, mbele ya wasichana wote, na siku ya wazazi, mbele ya wazazi wote. Litajeni jani kwa jina lake. Semeni kwamba mliogopa. Semeni kwamba Idah Ngumbao hakumdhuru mtoto yeyote, na kwamba Mama Kadzo wa Matsangoni hana hatia yoyote, na mlitamke hilo kwa sauti ifikayo kwa yule aliyeng'oa mrehani wake. Waiteni wauguzi wawasikilize watoto walioanguka, wajue kinachowalemea, badala ya kutafuta wa kumlaumu. Na mkimaliza, msimtume Mwaringa. Tokeni wenyewe mpaka barabarani, mchana, wasichana wakiwatazama, muiinue ile meza kwa mikono yenu, na muirudishe kivulini mlikoitoa.